Sekondari Slevu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kijana anayefundisha kompyuta shuleni kwetu alikuwa amezitoa stoo zile mashine kuukuu ili zikatupwe. Akaifungua moja kwa bisibisi kutazama kama kuna kifaa cha kuokoa, na mara ubavu wa bati ulipotoka, hewa iliyolala humo miaka yote ikanijia usoni: vumbi jekundu lililopikwa na joto, plastiki iliyobabuka, mkojo wa panya, na mende. Mende wana harufu yao, na aliyewahi kuishi nao haisahau. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini, nikatoka nje, nikatema mate kwenye maua ya mkuu wa shule kama mjamzito.

Kijana akanifuata. "Vipi, madam? Vumbi?"

"Vumbi," nikasema.

Lakini kabla ya kutoka nilikuwa nimeshaona, mgongoni mwa kile kisanduku kinachomeza sidii, karatasi ndogo nyeupe iliyobandikwa kiwandani, na juu yake yale maneno mawili. Master. Slave. Kijana naye akayaona, akacheka. Yeye amekulia kwenye flashi na simu. "Kumbe enzi hizo waliviita hivi? Siku hizi wameyaacha, madam, wanaona aibu." Nikamwambia ndiyo, waliviita hivyo. Sikumwambia kwamba hapa hapa Karatu kuna mtu wa damu na nyama aliyeitwa hivyo, mchana kweupe, mbele za watu, na kwamba alikuwa dada yangu.

Wa rika langu mnazikumbuka zama za sidii. Kila nyumba iliyopata betri ya gari ilikuwa na deki, na deki haikushiba. Kwaya, harusi, mahubiri, filamu za ngumi zilizotafsiriwa na jamaa mmoja anayeigiza wanaume, wanawake na mbwa kwa sauti ileile. Pale Karatu mjini, kwenye barabara iendayo geti la Ngorongoro, kulikuwa na chumba chembamba kilichobanwa kati ya duka la mbolea na bucha, na humo ndimo vitu hivyo vyote vilimonakiliwa. Madereva wa watalii wakipanda kutoka kreta walisimama hapo, wakaleta picha za wageni wao, simba, vifaru na Wamasai, zitiwe kwenye sidii kabla wageni hawajapanda ndege. Mwenye chumba naye alikuwa dereva wa watalii zamani, akaachishwa kazi, akabaki na Kiingereza na kompyuta aliyopewa na mgeni. Watu wote walimwita Masta. Jina alilobatizwa sikuwahi kulisikia.

Paskalina, dada yangu, ndiye aliyefanya kazi humo. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza kidato cha nne. Baba na mama walikuja kutoka Singida kuchuma kahawa katika shamba moja kubwa upande wa Daa, na huko kambini, kwenye nyumba za mstari ambazo ukuta wa jirani ndio ukuta wako, ndiko tulikozaliwa. Paskalina alipopata kazi mjini alipanga chumba nyuma ya soko, akanichukua nikae naye ili nisome shule ya mjini. Nikitoka shule nilipitia dukani, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya kaunta, nikimsubiri afunge.

Mwanzoni nilipapenda. Kila kitu kilikuwa muujiza ambao nilijieleza mwenyewe bila kumuuliza mtu. Masta alisema "kubani sidii", na watu waliniambia kubani ni kuchoma, basi nikakaa nikingoja moshi. Neno draivu nilikuwa nalijua: gemu draivu ni safari ya kwenda kutazama wanyama. Kwa hiyo niliposikia "sidii draivu" niliamini kwamba mle ndani mna njia, na sidii inatembezwa humo kama mgeni, ikitoka imejaa picha. Mashine ilikuwa na vinywa viwili, kimoja juu ya kingine. Cha juu kilisoma tu. Cha chini ndicho kilichoandika. Unatia sidii yenye harusi juu na sidii tupu chini, na baada ya kukoroma kwa muda harusi inakuwa mbili.

Umeme wa Karatu ulikatika kila mara, na kila uliporudi mashine iliamka na kioo cheusi chenye maandishi meupe, ikivitaja vifaa vyake kimojakimoja kama mwalimu wa zamu anavyoita majina. Primary Master. Primary Slave. Secondary Master. Secondary Slave. Kiingereza changu kilikuwa cha ubaoni, lakini maneno mawili kati ya hayo niliyajua kuliko jina langu, kwa sababu yalikuwa kwenye vibao vya barabarani: Primary ilikuwa shule yangu, Secondary ilikuwa shule aliyomaliza dada.

Siku moja Masta aliniona nikisoma kioo huku midomo ikicheza. Madereva wawili walikuwa wameegemea kaunta.

"Anjelina, umeona hapo?" akasema, akigusa kioo kwa ukucha wa kidole cha mwisho, ambao aliuacha ukue mrefu na kuwa wa manjano. "Primary Master. Huyo mimi. La saba yangu inanitosha. Sasa shuka chini. Secondary Slave. Huyo dada yako. Kasoma mpaka sekondari, akaja kuwa slevu wangu!"

Madereva wakacheka mpaka mmoja akapiga kaunta. Paskalina alitabasamu kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni.

"Masta anatoa amri," Masta akaendelea, akiwageukia wenzake, "slevu ndiye anayebani. Bila slevu hapa hakuna kazi."

Tangu siku hiyo hakumwita jina lingine. Slevu, leta sidii. Slevu, mhudumie klaienti. Nami nikapiga hesabu zangu za kitoto. Masta ni wa primary, slevu ni wa secondary. Masta anasoma tu, slevu anaandika, na mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba kuandika ni kugumu kuliko kusoma. Kwa hiyo slevu ni cheo, tena cha juu, na Masta anacheka kwa wivu. Mbele ya Primary Slave mashine iliandika None, nami nikadhani huyo ni msichana mwingine, Noni, aliyeishia darasa la saba na ambaye bado hajafika kazini. Nilipokwenda kambini siku za mapumziko nilimweleza mama yote hayo kwa kirefu, na mama, ambaye hakusoma, aliyapokea kama sakramenti.

Nilichokichukia tangu mwanzo kilikuwa kinywa cha Masta. Mchana alinunua nyama bucha la jirani, ikachomwa nje, akaila juu ya kibodi huku vidole vikimetameta mafuta. Mifupa aliipanga juu ya mashine, na usiulize kwa nini mende walihamia humo ndani. Joto lilikuwapo, na chakula kilikuwapo. Vile vipande vigumu alivyotafuna vikamshinda alivitema kwenye karatasi, akaisukuma karatasi upande wa dada. "Slevu, malizia." Paskalina alisema ameshiba, akaitoa nje kuwapa mbwa, akirudi ananawa. Na kulikuwa na mate. Sidii yenye michirizi ikikwama, Masta aliitoa, akakusanya mate kinywani bila haraka, akayadondosha juu yake, akamnyoshea dada. "Futa." Dada aliifuta kwa upindo wa kitenge chake, akizungusha polepole, uso ameugeuza pembeni. Kitenge hicho ndicho nilichojifunika tukilala. Nilikuwa nakinusa kabla ya kujifunika, na siku nyingine nilivumilia baridi ya Karatu bila kujifunika.

Basi ikaja siku ambayo Madam Fausta, mwalimu wetu wa darasa, alituuliza tunataka kuwa nani tukikua. Nesi, wakasema wenzangu. Padri. Rubani. Dereva wa watalii, hao walikuwa wengi. Zamu yangu ilipofika nilisimama wima.

"Mimi nataka kuwa slevu, madam."

"Kuwa nani?"

"Slevu. Kama dada yangu. Ukimaliza sekondari unakuwa slevu wa kompyuta."

Darasa halikucheka, maana hakuna aliyejua kitu. Madam Fausta aliweka chaki mezani, akanishika mkono, akanitoa nje mpaka kwenye simtanki la maji. Akachuchumaa macho yake yakawa sawa na yangu.

"Nani amekufundisha neno hilo?"

"Masta. Tena lipo kwenye mashine, limeandikwa."

"Anjelina, unaikumbuka ile picha kwenye kitabu cha historia? Wale watu waliofungwa minyororo shingoni, mmoja amebeba pembe ya ndovu?"

"Ndiyo, madam."

"Hao ndio slevu. Mtumwa. Neno lenyewe maana yake ni mtumwa."

Tulikuwa tumekula makande mchana ule. Yalitoka yote, punje za mahindi nzimanzima, chini ya bomba la simtanki, na Madam Fausta akanishika paji la uso kama mama. Watu wakiniuliza nilihisi nini natarajiwa kusema huzuni. Haikuwa huzuni, ilikuwa kinyaa. Lile neno nilikuwa nimelimumunya wiki baada ya wiki kama pipi, nimelilalia, nimemwomba Mungu anipe, na sasa naambiwa nilichokuwa namumunya ni kinyesi.

Jioni ile Paskalina alikuwa akisonga ugali kwenye jiko la mchina la mafuta ya taa. Nilisimama mlangoni na begi mgongoni.

"Dada, slevu ni mtumwa."

Mwiko haukusimama. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mimi Kiingereza nilikisoma, au umesahau?"

"Sasa mbona unaitika?"

"Nisipoitika anaita kwa nguvu zaidi, na watu barabarani wanageuka." Akaugeuza ugali, akaupiga mgongo kwa mwiko kuulainisha. "Namtazama anavyofungua ile mashine na anavyoifunga. Nikishaijua yote nitaondoka. Wewe usimwambie baba. Umenisikia? Baba asijue."

Sikumwambia. Lakini Jumamosi yake nilikwenda kambini, nikamkuta mama ameketi nje na wanawake wa mstari wetu, Wagogo, Wambulu na Wanyaturu wenzetu, wanachambua maharage. Mama alikuwa katika raha yake.

"Paskalina wangu ni slevu," alikuwa akisema. "Pale juu yuko Masta, halafu anafuata yeye. Mashine yenyewe ikiamka inamtaja."

"Mungu mkubwa," akasema mmoja. "Na huyu wangu akimaliza, mwenzangu, utuombee huko. Hata uslevu mdogo tu."

"Mama, acha!" Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. "Acha kusema! Ni mtumwa! Anamwita mtumwa!"

Mikono yote ikasimama ndani ya nyungo. Mama alinitazama kwanza kwa hasira, kisha akaelewa, na uso wake ukaporomoka. Hakuna mwanamke aliyemtazama. Baba alikuwa kizingitini akishona gunia. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, na mgongo ulioinama kwa kahawa.

"Rudia," akaniambia.

Nikarudia. Akaichomeka sindano ya magunia kwenye kofia yake, akasimama, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amenawa uso na amevaa koti la kanisani.

"Vaa viatu," akasema.

Tulipata lifti ya trekta mpaka lami, tukatembea. Dukani walikuwapo madereva wawili, na Paskalina alikuwa mbele ya mashine akinakili sidii. Aliponiona na baba alifumba macho, akayafumbua. Masta aliinuka kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee wangu! Karibu sana!"

"Marahaba," baba akasema kwa mazoea, na kwa mazoea hayohayo akaupokea mkono ulionyoshwa. Nikaona uso wake ukibadilika. Mkono ule ulikuwa umetoka kwenye nyama. Aliutoa wake, akautazama ukimetameta, akauweka mbali na koti.

"Binti yangu unamwitaje?"

"Paskalina? Ah, mchapakazi, mzee. Umelea."

"Sikuulizi kazi yake. Nakuuliza jina unalomwita."

Madereva wakatazamana. Masta akacheka, akaigeuza mashine, ubavu wake ukiwa wazi kama siku zote, akaonyesha kwa ule ukucha wa manjano. "Aha, hilo! Mzee, hilo ni jina la kitaalamu. Njoo uone mwenyewe, limeandikwa na waliotengeneza. Hivi vifaa viwili vinakaa kwenye waya mmoja. Vikiwa viwili, kimoja lazima kiwe master, kingine slave, la sivyo mashine inachanganyikiwa haijui imsikilize nani. Wazungu ndio waliotunga, siyo mimi. Kompyuta tu hiyo, mzee wangu."

Baba aliinama, akaangalia mle ndani kwa muda mrefu. Uzi wa vumbi ulining'inia kwenye feni, na mende mchanga alikatiza juu ya ule waya mpana, akapotea.

"Sawa," akasema akiinuka. "Kwa mashine limeandikwa, nimeona. Kwa binti yangu limeandikwa wapi?"

Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja aligundua ghafla kwamba ana simu ya kupiga, akatoka. Masta alijifuta kinywa.

"Utani tu, mzee. Slevu, hebu... Paskalina, mwambie mzee wako ni utani."

"Ni utani, baba," Paskalina akasema, macho yake kwenye kioo.

"Chukua vitu vyako twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Shambani."

Hapo ndipo alipogeuka. Sijawahi kumsikia akimjibu baba kabla ya siku ile. "Kule nyapara anawaitaje, baba? Asubuhi mkipanga mstari, anasemaje?"

Nilijua jibu, kila mtoto wa kambini alilijua, hata tuliligeuza mchezo. Nyapara alipita mbele ya mstari na fimbo, akigusa bega moja baada ya jingine, akihesabu. Leo nina vichwa vingapi? Vichwa hivi viende shamba la juu. Nipe vichwa vya kupulizia dawa.

"Hapa naitwa slevu," Paskalina akasema kwa sauti ndogo, "kule nitaitwa kichwa. Angalau hapa kuna kivuli."

Masta, mjinga yule, alidhani ameshinda. Akamkaribisha baba soda.

Tulitoka. Kwenye mtaro wa kando ya barabara baba alichuchumaa, akachota udongo mwekundu, akausugua mkono wake wa kulia kwa udongo, akamwagia maji ya kibuyu changu cha shule, akaunusa, akausugua tena. Alifanya hivyo mpaka ngozi ikaanza kuchubuka. "Mafuta ya yule mtu hayatoki," akasema. Tukarudi kambini.

Nimewahi kuwafikiria hao waliotunga. Siwajui, na huenda walikuwa watu wema, wenye watoto. Walikuwa na vifaa viwili na waya mmoja. Wangeweza kusema mkubwa na mdogo, wa mbele na wa nyuma. Sisi tungewapa bure: Kulwa na Doto, majina ya mapacha, na kila mtoto angeelewa nani alitangulia. Kamusi nzima ilikuwa mezani kwao, wakapeleka mkono moja kwa moja kwenye lile neno, wakalichapa kwenye vibandiko, wakalipakia kwenye meli, likasafiri mpaka kwenye chumba kilicho jirani na bucha, mikononi mwa mtu aliyekuwa akilisubiri. Kwake ndiko kinyaa changu kinakotua. Neno lilikuwa chafu, lakini yeye alilipokea kwa furaha, akalilamba, akampa dada yangu afute.

Jumatatu alfajiri niliamshwa na kengele ya shamba. Baba hakuwa amenirudisha mjini. Nilisimama mlangoni na mama tukatazama mstari ukipangwa kwenye ukungu. Nyapara akaanza mwisho wa kule, fimbo ikigusa mabega. Ilipofika kwa baba, baba alirudi nyuma hatua moja, na fimbo ikagusa hewa.

"Mimi naitwa Yohana Ntandu," akasema.

Nyapara alishangaa. "Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Ndiyo maana nakuambia."

Ningependa kusimulia kwamba wengine nao walitaja majina yao. Hawakutaja. Walitazama gambuti zao, na mmoja alikohoa ili isionekane kwamba amecheka. Nyapara alitabasamu, akamruka baba, akaendelea na aliyefuata. "Asiyetaka kuhesabiwa, hayupo," akasema. Asiyekuwapo hana kazi, na asiye na kazi hana chumba kwenye mstari.

Mama alifunga mizigo bila kulia. Hasira ilimkausha. "Heshima inasongwa ugali, Baba Paskalina?" alimuuliza huku akikunja mkeka. "Nifundishe basi. Inatiwa maji kiasi gani?" Baba aliendelea kufunga kamba. Tulikwenda Endabash, kwa Mzee Boay, Mwiraqw aliyewahi kuchuma kahawa na baba kabla hajarudi kwenye ardhi yao. Alitupa kibanda kilichokuwa cha mbuzi na kipande cha shamba cha kulima mahindi na mbaazi. Kibanda kilinuka. Tulikikandika upya kwa udongo, na mvua ikinyesha bado kilinuka. Mama alimwandalia baba chakula kila siku, akakiweka mbele yake, akaenda kula peke yake jikoni. Neno la kawaida la mke na mume halikusikika ndani ya kibanda kile, nami nililala nikiwaza kwamba nyumba yetu imevunjika kwa sababu ya karatasi ndogo iliyobandikwa mgongoni mwa mashine.

Yaliyotokea dukani nilisimuliwa na Paskalina baadaye. Dereva mmoja alileta habari kama kichekesho: huko mashambani kuna mzee mmoja mpumbavu amekataa kuhesabiwa, kafukuzwa pamoja na familia yake. Masta alicheka mpaka nyama ikampalia. Alipotulia, sidii aliyoleta yule dereva ikakwama. Akaitoa, akakusanya mate, akayadondosha, akamsukumia dada. "Slevu, futa."

"Yule mzee ni baba yangu," Paskalina akasema.

"Nani?"

"Aliyekataa kuhesabiwa. Ni baba yangu. Na hiyo futa mwenyewe."

Akachukua sweta lake kwenye msumari, akatoka. Masta alimwita kutoka mlangoni, kwanza kwa lile neno, halafu kwa jina lake, halafu kwa lile neno tena. Watu barabarani waligeuka. Yeye hakugeuka.

Siku ile ya harufu, baada ya kijana kuzipakia mashine kwenye mkokoteni, nilimpigia dada simu. Anaishi Mto wa Mbu, anauza mbegu na dawa za mifugo, ana watoto wakubwa. Nikamuuliza kama anakumbuka alivyokuwa akiitwa. "Lile neno lilishanitoka," akasema. "Mate ndiyo sijasahau. Kuna siku yalikuwa na uzi wa nyama ndani." Halafu akasema ana wateja, akakata. Masta sijui aliko. Flashi zilipokuja duka lake lilikufa, na pale sasa wanauza simu. Sina hamu ya kujua zaidi.

Lakini siku aliyofika Endabash naikumbuka yote. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, jua kali, mbaazi zimeanza kutoa maua. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini, sweta kiunoni. Baba alikuwa ameegemea jembe. Alimwona tangu mbali, hakusogea, akamwacha mwanawe atembee mpaka ukingo wa shamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akamtazama miguuni, akamtazama usoni. "Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa na mtu, baba. Nimekuja mwenyewe."

Baba alitikisa kichwa taratibu, mara moja, kama anayekubali bei. Akageukia mbaazi akawa anang'oa magugu ambayo hayakuwapo. Paskalina akaingia shambani karibu naye, akaanza kung'oa na yeye. Nilisimama katikati yao sijui nifanye nini na mikono yangu, kisha nami nikainama.

Ndipo mama alipotokea mlangoni mwa kile kibanda cha mbuzi, mwiko mkononi, amejikinga jua kwa kiganja. Alitutazama muda mrefu, mume na mabinti wawili tumeinama katika shamba la kuazimwa. Tangu tutoke kambini hakuwa ametuita kula pamoja.

"Haya, wenye majina," akaita. "Njooni mle kabla haujapoa."